Kufundisha Usanifu wa Mji kwa Kielelezo: Mfano wa Urambo

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuwaonyesha wanafunzi kwamba ufundi, sanaa na usanifu havitengani katika ujenzi wa mji wa kesho. Mara nyingi wanafunzi huambiwa wachore mji wa mwaka 2050, nao huchora maghorofa ya vioo waliyoyaona katika picha. Michoro hiyo hupendeza, lakini ndani yake hamna mvua, wala jua la Oktoba, wala mtu atokaye shambani na baiskeli yenye gunia la mahindi.

Yafaa somo lianze na yaliyokwisha kutendeka Urambo penyewe. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliuzungushia ukuta mji wake wa Iselamagazi kwa kuwa alihitaji ulinzi na biashara ya misafara. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na watu wakaifuata stesheni. Kisha, mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hapa mwalimu asiharakishe. Matrekta yaliletwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mitambo ilikuwapo, usanifu ndio uliokosekana. Na kwa kuwa mkataba wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022, swali hili si la historia tu.

Baada ya hapo wanafunzi wapime nyumba. Tembe la kale, lenye paa bapa la miti na udongo, lina ubaridi mchana, lakini huvuja masika na huliwa na mchwa. Bati huleta joto, ila hukinga maji: paa la mita za mraba 50, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 1,000. Wanafunzi wakokotoe wenyewe, kisha wabuni nyumba yenye kivuli cha tembe na maji ya bati. Nakshi za ukutani zisiachwe mpaka mwisho kama pambo. Ziamuliwe pamoja na madirisha.

Mwishowe kila kundi lifinyange mtaa wa stesheni kwa udongo, vijiti na maboksi. Tulipolijaribu somo hili, kundi moja lilinyoosha barabara yake vizuri mno, ikapita katikati ya gulio. Hatukuisahihisha. Tuliwatuma kwa akina mama wauzao pale, wakaulize wangehamia wapi. Walirudi kimya kidogo, wakaipinda barabara, wakaacha miembe miwili waliyokuwa wameing'oa.

Katika kusahihisha, alama za unadhifu zisizidi robo. Zinazobaki wapewe wawezao kueleza maji ya mvua yataelekea wapi, na ni nani aliyeulizwa kabla mstari haujachorwa.