Ng'ombe Wangu wa Chuchu Tatu

Ng'ombe wangu wa kwanza, chotara wa Friziani, hukamuliwa chuchu tatu. Ya nne, ya nyuma kulia, imekufa. Nafugia Rungwe, ambako mvua ni nyingi na banda halikauki upesi. Haya nimejifunza kwa gharama ya chuchu hiyo.

1. Maziwa meupe si lazima yawe mazima. Mimi nilikuwa nasubiri dalili za kitabuni za ugonjwa wa kiwele: kiwele kuvimba na kuwa cha moto, maziwa kutoka na mabonge, ng'ombe kurusha teke. Wiki kadhaa kabla dalili hizo hazijatokea, maziwa yalishapungua kama lita moja na nusu, nikalaumu majani. Bwana mifugo alikuja na kisahani chenye vikombe vinne. Alikamua kidogo kutoka kila chuchu, akatia dawa ya zambarau, akazungusha. Kikombe cha chuchu iliyovimba kikawa mlenda mtupu. Hilo nililitarajia. Kisha akaniomba tumpime na yule wa pili, mwenye afya, kipenzi cha wateja wangu. Vikombe viwili mlenda.

“Huyu ndiye anayekuuguzia banda, dada,” akasema.

2. Mbebaji nilikuwa mimi. Maji ya uvuguvugu, ndoo moja, kitambaa kimoja, ng'ombe watatu: nilidhani huo ndio usafi. Kuna bakteria wa kwenye samadi na tope, kama ekolai, lakini stafilokokasi hukaa ndani ya kiwele na kusafiri kwa mikono ya mkamuaji. Na lile kopo la mafuta ya kukamulia! Vidole vyangu vilikuwa vikiingia humo chuchu baada ya chuchu, mwaka mzima. Sasa kila ng'ombe ana kitambaa chake, nanawa kati ya mmoja na mwingine, na mgonjwa hukamuliwa wa mwisho.

3. Akishakamuliwa, asilale. Tundu la chuchu huchukua kama nusu saa kujifunga. Nachovya chuchu kwenye dawa ya iodini, kisha namwekea majani mabichi ale akiwa amesimama.

4. Dozi humalizwa. Nilitia tyubu mbili za dawa kwenye chuchu ile, kiwele kikapoa, ya tatu nikaitunza kabatini kama akiba. Ugonjwa ukarudi, na safari hii haukusikia dawa. Maziwa ya siku za matibabu, na ya siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kasha, hayauzwi wala hayanywewi; kuyachemsha hakuondoi dawa. Nilipoyamwaga, mama mkwe alinitazama kama mwendawazimu.

5. Kumkausha ni kazi. Siku 60 hivi kabla ya kuzaa naacha kumkamua, na kila chuchu, hata iliyo nzima, hupata dawa ya kukaushia kama bwana mifugo alivyonielekeza.

Ile ya nyuma kulia imebaki ngozi tupu. Ndama huijaribu kila asubuhi, huivuta mara mbili tatu, halafu huhamia ya jirani.