Grupu Limekufa, Watu Je?



Soma kwanza: Yn 1:35-42 na Mdo 19:1-7.

Wapendwa vijana, hebu fungua simu yako, uteremke mpaka chini kabisa kwenye orodha ya magrupu ya WhatsApp. Utakuta "Kongamano", "Kamati ya Pasaka", "Kwaya Mazoezi". Ujumbe wa mwisho ni wa mwaka juzi. Hakuna anayeongea, hakuna anayejitoa.

Mimi nilikuwa admini wa grupu moja la namna hiyo. Tulilifungua kwa ajili ya kongamano la vijana wa Kilosa na Mikumi: nauli shilingi ngapi, nani analeta sufuria, gari linaondoka saa ngapi. Kongamano likaisha, picha zikarushwa wiki mbili, halafu kimya. Sisi wa Kilosa tukafungua grupu jipya. Wenzetu wengi wa Mikumi hatukuwaambia. Hakuna aliyekusudia ubaya, tulisahau tu.

Usiku mmoja dada mmoja wa Mikumi akaandika kwenye lile la zamani: mama amelazwa, naomba mnisaidie kwa sala. Niliuona ujumbe ule siku ya tano, tena kwa bahati, nikitafuta picha. Kumbe alikuwa ameandika mara tatu. Mara ya tatu aliandika hivi: "Basi, asanteni."

Nikampigia. Mama alikuwa ameshatoka hospitali, anaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Lakini lile "basi, asanteni" halijanitoka. Alikuwa amebisha hodi kwenye nyumba tuliyokwisha kuhama, na sisi ndio tuliomwachia aamini kwamba bado tunaishi humo.

Wale kumi na wawili wa Efeso

Paulo anafika Efeso, anakuta wanafunzi kama kumi na wawili. Wana imani, wana nia njema, lakini wamebaki kwenye ubatizo wa Yohane. Habari za Roho Mtakatifu hata hawajazisikia. Safari imesonga mbele, wao hakuna aliyewapitia. Angalia Paulo anavyofanya: hawacheki, wala hawalaumu kwa kuchelewa. Anawauliza, anawaeleza, wanabatizwa kwa jina la Bwana Yesu, anawawekea mikono.

Kosa halikuwa la Yohane. Yeye alifanya sehemu yake mapema. Alikuwa amesimama na wanafunzi wake wawili, Yesu akapita, akawaonyesha. Wakamwacha wakamfuata Yesu, naye hakuwazuia. Mmoja wao alikuwa Andrea, na Andrea ndiye aliyemleta Petro. Yaani kama Yohane angeng'ang'ania wanachama wake, huyo Petro angeletwa na nani?

Kwa nini magrupu hufa

Mara nyingi si uvivu. Maisha yamesogea. Kijana wa TYCS anamaliza kidato cha nne, anarudi nyumbani, na VIWAWA ya parokia yake haijui kama amerudi. Mwingine anakwenda JKT, mwingine chuo, mwingine anahamia Dar es Salaam kutafuta kazi. Grupu lilijengwa juu ya shughuli, na shughuli imekwisha.

Aristotle aliliona jambo hili zamani. Anasema umbali hauvunji urafiki wenyewe, unazuia tu matendo yake. Lakini watu wakikaa mbali muda mrefu, hata urafiki husahaulika. Ndiyo hali ya magrupu yetu. Majina yapo, matendo hayapo.

Tujifunze kwa Kanisa

Grupu la WhatsApp si parokia, hilo tunajua. Lakini tazama Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ilivyo makini katika kufunga kitu. Parokia haifutwi na mtu yeyote ila Askofu wa jimbo, tena baada ya kulisikiliza baraza la mapadre (kanuni 515). Vyombo viwili vya kisheria vya Kanisa vikiunganishwa kuwa kimoja, kile kipya kinapokea mali na pia wajibu, na nia za waliotoa michango zinaheshimiwa (kanuni 121). Maana yake, ahadi na madeni havizikwi pamoja na jina.

Nasi tufanye hivi:

1. Tujiulize kwanza: mtu akiita humu leo, nani ataitika? Grupu lenye watu sita wanaojibizana li hai, hata kama liko kimya mwezi mzima. Lenye watu mia wasioitikana limekufa. Usifunge la kwanza kwa sababu ni dogo.

2. Ongea na mlezi wa vijana na viongozi wenzako, kisha watangazie wanachama. Wape wiki mbili waseme.

3. Toa hesabu. Kama kuna michango iliyobaki kwenye simu ya mhazini, iwekwe wazi na wachangiaji waamue iende wapi.

4. Mpeleke kila mtu mahali pake kwa jina. Anayeishi Mikumi apelekwe kwa wenzake wa Mikumi, aliye chuo kwa TMCS ya chuo chake. Linki peke yake haitoshi. Muulize kama anakubali, halafu mpigie kiongozi wa huko: "Nakuletea ndugu yetu fulani, mpokee."

5. Ujumbe wa mwisho useme tumehamia wapi na apigiwe nani. Kisha weka mpangilio wa maadmini pekee kuandika, ili asiwepo tena mtu wa kulia humo peke yake.

Na tusisahau: mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walikazia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, watu wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Huko ndiko mama akilazwa, jirani anakuja na uji. Grupu zuri la mtandaoni ni lile linalomfikisha kijana huko.

Yule dada tulimuunganisha na vijana wa parokia yake. Sasa yeye ndiye anayewapokea wageni.

Maswali ya tafakari

Je, kuna grupu ambalo mimi ni admini na nimelinyamazisha? Nani yumo humo ambaye hajui tulikohamia? Wiki hii nitampigia nani?

Sala

Bwana Yesu, Yohane alikuonyesha nasi tukakufuata. Utufundishe kuwaachia watu waende kwako bila kuwatupa njiani. Uwakumbuke wote walioita tusiitike. Amina.