Somo la Tano: Kutafuta Tiba ya Akili kwa Simu na Mtandao katika Kaunti za Kaskazini

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kutambua ni nani anayeruhusiwa kisheria kutoa tiba ya akili kwa njia ya simu, kukadiria gharama yake halisi, kuzilinda siri zake, na kujua pa kuelekea iwapo huduma aliyoilipia haikumfaa.

Umbali na ukimya

Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni safari ya takriban kilomita 700. Kutoka Mandera, takriban kilomita 1,000. Twaitaja Nairobi kwa sababu wataalamu wengi wa magonjwa ya akili hupatikana huko na katika miji mingine mikubwa, na ndiko iliko Hospitali ya Mathari. Mkazi wa Turkana, Marsabit, Wajir au Mandera anayehitaji kumwona mtaalamu ana nauli ya kulipa, siku za kazi za kupoteza, na mara nyingi mifugo au watoto wa kuwaachia jirani. Wengi hawaendi.

Wanaobaki nyumbani hawabaki salama kwa kukaa kimya. Kati ya mwaka 2020 na 2022, mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo katika maeneo hayo. Mfugaji aliyeshuhudia ng'ombe wake wakianguka mmoja baada ya mwingine alipoteza mali, na pamoja na mali alipoteza heshima yake mbele ya wenzake na usingizi wake wa usiku. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi ya akili hufichwa kuliko mengine yote, na kilio chake huwa kizito.

Simu imefungua njia ambayo haikuwapo. Hata hivyo, kila njia mpya huwa na wapitao kwa wema na wapitao kwa hila. Ndiyo maana tumeandika somo hili.

Tiba hii ni nini

Tiba ya mazungumzo ni mfululizo wa vikao kati ya mgonjwa na mtaalamu, mara nyingi kimoja kwa wiki, cha dakika 45 hadi 60. Katika vikao hivyo, mgonjwa husaidiwa kuyatambua mawazo na mazoea yanayomwumiza, kisha hujizoeza kuyabadilisha hatua kwa hatua. Kwa watu wengi wenye huzuni nzito au wasiwasi wa kupindukia, tiba hii huweza kufanyika vizuri kwa simu ya sauti au ya video, almradi mtaalamu awe amefuzu na mgonjwa ahudhurie vikao bila kukatiza.

Ni muhimu kutofautisha watoa huduma. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo na hawaandiki dawa. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari, naye aweza kuandika dawa. Kuna pia programu za simu zinazojibu maandishi zenyewe, bila binadamu upande wa pili. Huenda programu hizo zikamsaidia mtu kupanga mawazo yake, lakini hazina leseni wala dhamana. Ukiwa na shaka, uliza waziwazi: "Je, ninazungumza na mtu?"

Hatua ya kwanza: mjue unayezungumza naye

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda Bodi inayowasajili wataalamu hao. Daktari wa magonjwa ya akili husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, omba mambo matatu: jina kamili, nambari ya usajili, na jina la bodi iliyomsajili. Kisha ihakikishe nambari hiyo kwa bodi yenyewe. Usitumie kiungo wala nambari ya simu uliyopewa na mtoa huduma, kwa kuwa tapeli anayeweza kughushi cheti hashindwi kughushi ukurasa wa kukithibitisha.

Mtaalamu wa kweli haudhiki kwa swali hili. Anayekasirika, anayekwambia uharakishe kulipa kabla ya "nafasi kwisha", au anayekuahidi kupona kabisa kwa siku chache, amekwisha kukujibu.

Ukimchagua mtoa huduma aliye nje ya nchi, fahamu kwamba leseni yake ni ya nchi hiyo. Akikukosea, bodi za Kenya zitakuwa na uwezo mdogo wa kumchukulia hatua.

Uliza pia kuhusu lugha. Mtu huweza kuuza mbuzi kwa Kiswahili, lakini akamlilia mamake kwa Kirendille, Kisomali, Kiborana au Kiturkana. Ikiwa mtaalamu hajui lugha yako, jadilianeni mapema kuhusu mkalimani. Mkalimani huyo asiwe jamaa wa karibu wala mtoto wa nyumbani, kwani hapo utasema yale tu ambayo jamaa huyo anaweza kuyasikia.

Hatua ya pili: hesabu gharama yote

Bei ya kikao ni sehemu tu ya gharama. Simu ya video inayotumia kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Kwa kuwa picha yako nayo husafirishwa kwenda kwa mtaalamu, matumizi yaweza kukaribia megabaiti 900. Sauti pekee kupitia mtandao, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifikishi megabaiti 60 kwa saa hata pande zote mbili zikihesabiwa. Kwa anayenunua bando la siku kwa siku, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama atakifikia kikao cha sita au ataishia cha pili.

Kwa hiyo, uliza maswali haya kabla ya kukubali. Je, kikao chaweza kufanyika kwa sauti tupu au kwa simu ya kawaida? Nani humpigia mwenzake, na salio la nani litatumika? Mtandao ukikatika katikati ya kikao, je, dakika zilizopotea zitafidiwa? Malipo ni ya kila kikao au ni ya mwezi mzima yanayojirudia yenyewe? Kama yanajirudia, husitishwa vipi?

Lipa kikao kimoja kwanza, na uhifadhi ujumbe wa kuthibitisha malipo. Usitume fedha kwa nambari ya mtu binafsi ambaye jina linalojitokeza kwenye simu halilingani na jina la mtaalamu wala la kituo chake.

Hatua ya tatu: linda siri zako

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya ni miongoni mwa data nyeti, na ulinzi wake ni mkali kuliko ule wa taarifa za kawaida. Una haki ya kuelezwa zinakusanywa kwa nini, kuziona, na kudai zisahihishwe.

Madhara ya uzembe katika jambo hili yamekwisha kuonekana kwingine. Nchini Ufini, mhalifu aliiba kumbukumbu za kituo kimoja cha tiba ya saikolojia, na mwaka 2020 akaanza kuwatisha wagonjwa wenyewe kwamba angezitangaza siri zao wasipomlipa. Nchini Marekani, mwaka 2023, kampuni kubwa ya tiba kwa mtandao ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya mamlaka ya kulinda watumiaji kuishtaki kwa kuzipa kampuni za matangazo taarifa za wateja wake. Wateja hao walikuwa wameahidiwa faragha.

Basi, kabla ya kubonyeza "nakubali", muulize mtoa huduma: Je, kikao hurekodiwa? Kumbukumbu zangu zinawekwa wapi, na nani anaweza kuzisoma? Je, taarifa zangu hupewa watangazaji? Asiyeweza kujibu kwa lugha nyepesi, usimpe siri zako.

Faragha huanzia nyumbani. Katika boma ambamo simu moja hutumiwa na watu wanne, futa jumbe baada ya kikao, weka nywila, na uombe mtaalamu asitume ujumbe unaotaja sababu ya mawasiliano. Kubalianeni neno moja la kawaida la kumjulisha kwamba mtu ameingia na huwezi kuendelea. Anayeishi na mtu anayempiga au kumdhibiti ahakikishe kwanza kwamba simu yake haichunguzwi.

Fahamu vilevile kwamba siri ya mtaalamu ina mipaka. Uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa, huenda akalazimika kutafuta msaada. Mtaalamu mwema hukueleza mipaka hiyo katika kikao cha kwanza.

Pale simu isipotosha

Kuna hali ambazo hazifai kungojea miadi ya mtandaoni. Mtu anayepanga kujiua. Mtu anayesikia sauti au kuona mambo wasiyoyaona wengine, hasa mama aliyejifungua karibuni. Mtu aliyezoea pombe kwa wingi akaiacha ghafla, kisha akaanza kutetemeka au kupatwa na kifafa: hawa wafikishwe katika kituo cha afya kilicho karibu, na wasiachwe peke yao njiani wala nyumbani.

Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo kwa ushauri wa kisaikolojia. Nambari 116 ni ya kuwasaidia watoto, na 1195 ni ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Kwa dharura, piga 999 au 112.

Wako waliokuwa wakiogopa kusema kwamba waliwahi kujaribu kujiua, kwa kuwa sheria ililihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoweka kosa hilo, kinakiuka Katiba. Mwambie mtaalamu ukweli wote. Hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.

Mfano

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu mmoja anafundisha karibu na North Horr, na mji wa Marsabit uko ng'ambo ya jangwa la Chalbi. Tangu afiwe na mkewe, halali, na amekuwa akiwafokea wanafunzi bila sababu. Anaona tangazo la kituo kinachodai malipo ya miezi 3 kwa pamoja, kwa "punguzo la leo tu". Anaomba nambari ya usajili. Anajibiwa kwamba ataipata akishalipa. Anaachana nao.

Anamwendea mhudumu wa afya ya jamii, ambaye anampeleka kwa afisa wa zahanati. Afisa anamsikiliza, anahakikisha kwamba hana mpango wa kujidhuru, na kumwelekeza kwa mwanasaikolojia wa mbali. Mwalimu anaithibitisha nambari ya mtaalamu huyo kwa Bodi. Wanakubaliana kuzungumza kwa sauti tupu kila Jumamosi alasiri, katika darasa lisilo na watu, na kulipana baada ya kila kikao. Wanakubaliana pia kwamba baada ya vikao 4 watapima pamoja kama kuna nafuu, na kama haipo, mwalimu atatafutiwa daktari.

Tazama alivyotenda. Hakukataa teknolojia, wala hakuipokea bila kuihoji. Aliiunganisha na watu walio karibu naye, ili mtandao ukikatika asibaki peke yake.

Ukikosewa

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya huduma zenye ubora wa kuridhisha, ya kupewa taarifa za kutosha ili ufaidike nazo, na ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Huduma ya akili haikutengwa na haki hiyo kwa sababu tu inatolewa kwa siri.

Mlalamikie kwanza mtoa huduma kwa maandishi, ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa na unachodai. Asipokuridhisha, mwenendo wa mtaalamu hupelekwa kwa bodi iliyomsajili. Uvujaji wa taarifa, kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tangazo la uongo au malipo ya hila, kwa Mamlaka ya Ushindani. Na utapeli wa fedha, kwa polisi. Kituo cha Huduma kilicho katika kaunti yako kinaweza kukuelekeza. Huna haja ya kueleza maradhi yako ili udai fedha zako: inatosha kueleza ulichoahidiwa na ulichopewa.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu ambayo ungemwomba mtaalamu kabla ya kumlipa, na ueleze ungeyathibitisha vipi.
2. Una bando la megabaiti 500. Je, lingetosha kikao cha saa moja cha video? Cha sauti tupu?
3. Ni mahali gani katika mazingira yako ambapo ungeweza kuzungumza kwa saa moja bila kusikika?
4. Jirani yako anakwambia kwamba amechoka kuishi, na miadi yake ya simu ni Alhamisi ijayo. Leo ni Jumatatu. Utafanya nini?

Kwa swali la nne, twatoa jibu letu hapa: usingoje Alhamisi. Kaa naye, piga 1199, na umsindikize leo hadi kituo cha afya.