Uzamili wa Ugavi: Nje au Nyumbani?

SWALI: Nina shahada ya ununuzi na ugavi, niko nyumbani Muyama, Kigoma. Natamani uzamili wa lojistiki ya kimataifa. Niende nje?

JIBU: Usikimbilie ada, mdogo wangu. Anzia ghalani, hata kwa kujitolea. Chakula cha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, lazima kinunuliwe, kitunzwe na kifike kwa wakati, masika au kiangazi. Bandarini Kigoma, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1914, mizigo huvuka ziwa kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie: nchi tatu ukihesabu na yetu, forodha tatu. Ukishafuatilia hati za shehena moja pale, utaingia darasani ukijua unachotaka kutafiti, na hilo ndilo huwapungukia wengi.

Mzumbe hufundisha uzamili wa ununuzi na ugavi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafaa anayependa usafirishaji. Nje nenda ukipata ufadhili, na uliza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mapema kama chuo hicho kinatambulika. Bado utahitaji usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB). Maandalizi ya mitihani yake unaweza kuyaanza sasa hivi, ukiwa hapo hapo Kigoma.