MAWE YA KOLO NA SALA YA MSAFIRI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anatuamrisha tutembee katika ardhi tukatazame alivyoanzisha kuumba. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kwenda mbali. Kiasi cha kilomita 180 kutoka mjini, ukishaipita Kondoa, kipo kijiji cha Kolo. Katika vilima vyake yapo majabali yaliyoinama mithili ya paa la nyumba, na chini yake watu wa kale wawindaji walichora kwa rangi nyekundu wanyama na watu warefu wembamba. Waliokuja baadaye wakachora kwa rangi nyeupe. Mapango ya aina hiyo katika eneo la Kondoa ni zaidi ya 150, na mwaka 2006 yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, mtu huenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini kutoka Kolo hadi jabali la Mungomi njia ni ya udongo, na mwisho hupandwa kwa miguu, jua likiwa kali. Tulipofika juu tulikuwa na maji ya kunywa tu, na Adhuhuri imeingia. Hapo Fiqhi ikatoka kitabuni.

Kufupisha ni rahisi. Masafa yanayohitajiwa na madhehebu yetu ya Shafi ni marhala mbili, yaani kilomita 80 na ushei, nasi tumeyapita. Kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri tunasali rakaa mbili mbili, na inajuzu kuzikusanya. Magharibi haifupishwi. Ila tukisimama Kondoa tukasali nyuma ya imamu mkaazi, tunatimiza nne pamoja naye. Wengi hulisahau hili, hutoa salamu baada ya mbili wakaondoka!

Kwenye udhu ndipo palipozuka mjadala. Maji yanayohitajiwa kwa kiu hayatawadhiwi, hata kama ni kiu ya mwenzako na si yako. Basi tutayamamu. Kijana mmoja akanyoosha mikono kulipiga jabali. Je, yafaa? Kwa Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik, jiwe tupu linatosha kwa kuwa ni katika jinsi ya ardhi. Kwa Imamu Shafi haitoshi, lazima uwepo udongo wenye vumbi. Lakini jiwe lililotuama vumbi, likanata mikononi, linafaa hata kwa Shafi, kwani kilichotumika ni lile vumbi. Tukashuka hatua chache penye udongo mkavu, tukapiga mara mbili: moja ya uso, moja ya mikono hadi viwikoni. Na kila faradhi ina tayamamu yake, hata ukikusanya.

Hatukusali pangoni. Kuelekea picha katika sala ni karaha kwa kuwa huushughulisha moyo, na nafasi nje ilikuwa tele.

Tuseme pia juu ya adabu ya mahali. Wapo wageni wanaoimwagia michoro maji ili rangi ing'ae wapige picha. Maji hayo huiharibu, nayo haichoreki tena. Wengine wamechimba shimo pale Mungomi wakitafuta mali inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Aidha wapo wenyeji wanaopanda huko kufanya matambiko ya mvua na tiba. Sisi tunapokosa mvua tunayo Sala ya Istisqaa, na hatushiriki matambiko. Lakini Surat Al-An'am, aya ya 108, inatukataza kutukana wanavyoviomba wengine, basi tusicheke, tusiguse wala kubomoa kitu tulichokikuta.

Mwenye kutaka kwenda apitie kwanza ofisi ya wahifadhi pale Kolo apate kibali na mwongozaji, na abebe maji zaidi ya anavyodhani yatamtosha.

Wallahu a'lam.