Siku moja Endasak: mlima uuache ulipo

Ukiwa na siku moja tu wilayani Hanang, usiupande Mlima Hanang. Arusha watakusifia urefu wake, mita 3,420, lakini kupanda na kushuka kunameza siku nzima, na mara nyingi kileleni hukuti kitu ila ukungu. Viboko wa Ziwa Babati nao wapite tu. Wanasifiwa kuliko wanavyostahili. Ukitoka Babati, shuka Endasak mapema, kabla mawingu hayajakusanyika. Kijiji kiko mashariki ya mlima, kwa hiyo jua la asubuhi linaupiga usoni na unaona kila korongo.

Kinachokera ni usafiri. Barabara ya Babati hadi Singida ni ya lami, safi kabisa. Shida ni watu wa stendi. Mpiga debe atakunyang'anya begi na kukuapia kwamba gari linaondoka sasa hivi, kumbe halina hata abiria watatu. Mimi nilitozwa nauli ya hadi Katesh, mbele ya Endasak, na nilipodai chenji kondakta akageukia dirishani. Taja Endasak kabla hujapanda, dai tiketi iliyoandikwa Endasak, na begi lako lipakate. Mchomoko, yaani gari dogo la abiria, unawahi kweli, ila wanabanana wanne kiti cha watatu, na dereva anakimbiza. Mimi napanda basi.

Baada ya chai, chukua bodaboda hadi Ziwa Balangida. Mpatane kwenda, kusubiri na kurudi, na pesa yote umpe mkirudi. Nenda kiangazi: maji yanarudi nyuma, chumvi inabaki juu ya tope la kijivu, inavunjika chini ya kandambili, na wenyeji wanaikusanya. Nyuma yake umesimama ukuta wa Bonde la Ufa. Hapa ndipo pa kukaa saa nyingi. Ukikutana na kina mama wa Kibarbaig na bangili zao za shaba, waamkie kwanza. Picha ni baada ya ruhusa.

Chakula kiwe nyama ya mbuzi ya kuchoma na ugali, kisha maziwa mgando. Nyama ipimwe mbele ya macho yako, kabla haijaingia jikoni.

Ukifika Katesh, usiende kupiga picha palipopita maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wafiwa bado wanaishi hapo hapo.

Kurudi Babati, uwe barabarani saa kumi. Giza likiingia mabasi mengi yanapita yamejaa, na wenye magari madogo wanapandisha bei wanavyotaka.