Mkono wa Wakubwa, Kazi ya Wanafunzi

Kijitabu kwa wanafunzi, walimu walezi na wanachama wa klabu za huduma: Likoni, Kisauni na Changamwe

Klabu hizi ni zipi?
Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905, na Lions ikaanzia mji huohuo mwaka 1917. Zote mbili hulea klabu za vijana. Klabu ya kwanza ya Leo, chini ya Lions, ilianza 1957. Interact, chini ya Rotary, ilianza 1962 na hupokea vijana wa miaka 12 hadi 18. Kila mwaka Interact hutakiwa kufanya angalau miradi miwili: mmoja wa kuifaa shule au jamii, na mwingine wa kujenga maelewano kati ya mataifa.

Nani afanye nini?
Wanafunzi ndio wachague mradi, waupange na waufanye. Mwalimu mlezi awaongoze na kuhakikisha usalama wao. Klabu ya wakubwa ilete ujuzi, usafiri, vifaa na sehemu ya fedha. Isije na mradi iliokwisha kuuamua, wanafunzi wakabaki kuvaa fulana na kupigwa picha.

Mradi wa mazingira: kupanda mikoko
Mikoko ya Mtongwe na ya mkono wa bahari wa Tudor, upande wa Mikindani, ni mazalia ya samaki na kinga ya ufuo. Imeumizwa na shoka, maji taka na plastiki.

1. Ombeni idhini. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Oneni Shirika la Huduma za Misitu na vikundi vya wavuvi vya hapo.
2. Chagueni mbegu zilizokomaa. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama fimbo ya kijani. Ikikomaa, huonyesha pete ya manjano shingoni.
3. Pandeni maji yakipwa, mahali ambapo mikoko iliwahi kumea. Chomekeni kila mbegu wima, ncha kali chini, theluthi moja ndani ya tope, na muache takriban mita moja kati ya mche na mche.
4. Rudini kila mwezi. Hesabuni miche iliyo hai, pandeni upya penye pengo, na ondoeni takataka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa bado huletwa na maji zikaning'inia kwenye miche.

Andikeni hesabu hiyo daftarini, na mnapomaliza shule muwakabidhi wadogo zenu. Siku ya kupanda ni moja. Kutunza ni miaka.

Mradi wa hisani
Ulizeni kabla ya kutoa. Mkitaka kusaidia shule ya wasioona ya Likoni, anzeni kwa mwalimu mkuu wake, awaeleze kinachohitajika. Mkichanga sodo au sare kwa wenzenu, zipitie kwa mwalimu wa ushauri nasaha, zitolewe kwa siri. Msaada unaomwaibisha mpokeaji si hisani.

Fedha
Mchango uingie kwenye akaunti ya shule, si mfukoni mwa mtu. Wekeni risiti, na someni hesabu mbele ya wanachama wote.

Wito
Mwalimu, waachie vijana nafasi ya kuamua. Mzazi, mruhusu mwanao ashike tope. Mwanachama wa klabu, usiishie siku ya uzinduzi: rudi mwezi ujao, ingia topeni nao, mhesabu pamoja.